Sindano za Taya, Mara Ngapi? Hesabu ya Tiba Tangu Chuku Hadi Akupancha



Leo tunawaandikia kutoka bara, Singida mjini, kwenye mji wa maziwa mawili, Singidani na Kindai. Huku ndiko tuliko na duka letu la kushona nguo za maharusi, na huku ndiko lilikotukuta swali ambalo hatukuwa na jibu lake. Tumelitafuta jibu kwa kuuliza wazee, masheikhe, madaktari na kwa kusoma. Tulipolipata tukaona lina historia ndefu kuliko tulivyodhani, na kwamba historia hiyo inamsaidia mtu kuamua.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu, wakati maharusi wengi wanakimbizana na Ramadhani. Mdogo wetu mmoja alikuja kupima gauni lake la nikahi. Tukamchekesha kama kawaida yetu, naye akaziba mdomo kwa mkono. Tulidhani ni haya za bi harusi. Kumbe mdomo haufunguki. Vidole viwili tu ndivyo vilivyopita kati ya meno ya juu na ya chini, na kila akijaribu kuongeza, taya linalia "ko" karibu na sikio. Wiki ya tatu hiyo alikuwa anakula uji na mtori. Kuku wa kienyeji, ambaye Singida ndiyo sifa yake, alikuwa akimtazama tu.

Alikuwa ameshasafiri hadi mji mwingine, mahali tusipopataja, akachomwa sindano za Kichina usoni na mkononi. Akapata nafuu ya siku mbili. Wakamwambia arudi kila wiki. Alipouliza mpaka lini, wakamjibu, "Mpaka upone." Shangazi yake akasema sindano moja inatosha, ukirudi unaibiwa. Jirani yake akasema aache sindano, afanye hijama tarehe 17, 19 na 21, mara tatu mfululizo, kwa sababu ndiyo Sunna. Yeye akatuuliza, "Dada zangu, niende mara ngapi?"

Pesa aliyokuwa nayo ilitosha jambo moja: safari za tiba au kumalizia mambo ya harusi. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mazungumzo ya dukani tu.

Chuku, tiba ya nyumbani kwetu

Kabla ya sindano ya Mchina kufika Afrika Mashariki, palikuwa na pembe. Kwa Kiswahili tunaiita chuku, na kazi yake ni kuumika. Mwumishi alichukua pembe ya ng'ombe au ya mbuzi iliyotobolewa nchani, akaibandika penye maumivu, akanyonya hewa kwa mdomo kupitia kile kitundu, kisha akakiziba kwa nta. Ngozi inavimba ndani ya pembe kama unga ulioumuka. Akitaka kutoa damu, anachanja chale ndogo kwa wembe na kuirudisha pembe mahali pake. Huku Singida, nchi ya ng'ombe na nyuki, pembe na nta havijawahi kuwa vitu vya kutafuta mbali.

Mwatambua kwamba kupiga chuku kuna maana mbili. Moja ndiyo hiyo ya kuumika. Ya pili ni kutia chumvi katika maneno, kukuza jambo kuliko lilivyo. Tukiwasikiliza watu wanaosifu tiba zao, tunaona maana zote mbili bado zinaishi nyumba moja.

Wazee tuliowauliza, wa pwani na wa huku bara, walituambia jambo moja linalofanana. Mwumishi wa zamani hakuwa na ratiba ya kila wiki. Ulimwendea ukiumwa, ukapata nafuu, ukaondoka. Usipopata, ulirudi mara moja au mbili, kisha ukaambiwa tafuta kwingine. Hesabu ilikuwepo ingawa haikuandikwa, na iliangaliwa na mwumishi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa jirani. Akikudanganya leo, kesho mtakutana kisimani.

Hijama, na tarehe zinazochanganya watu

Waislamu tunaijua tiba hii kwa jina la hijama. Hatukusudii kutoa fatwa, tunasimulia tu yaliyopokewa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliitaja hijama pamoja na asali miongoni mwa mambo yenye shifaa. Yeye mwenyewe aliumikwa na Abu Tayba, akamlipa ujira wake, akawaombea mabwana zake wampunguzie kodi. Imepokewa pia kwamba aliumikwa kichwani kwa ajili ya maumivu naye akiwa ndani ya ihramu, mahali panapoitwa Lahy Jamal, njiani kwenda Makka. Jina hilo kwa Kiarabu ni taya la ngamia. Tulipolisoma tulitabasamu, maana sisi ndiyo tulikuwa tunatafuta habari za taya.

Kwa wanawake ipo habari nyingine nzuri. Ummu Salama, mama wa waumini, aliomba ruhusa ya kufanya hijama. Mtume alimwamuru Abu Tayba amuumike, na mpokezi akaeleza kwamba anadhani Abu Tayba alikuwa ndugu yake wa kunyonya au kijana ambaye hajabaleghe. Tunajifunza mawili kwa pamoja. Mwanamke anatibiwa bila kuona haya, na stara yake inaangaliwa hata katika tiba.

Sasa tarehe. Zimepokewa riwaya zinazosifu hijama ya tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu. Jirani wa mdogo wetu alizielewa kana kwamba ni dozi, yaani ufanye mara tatu ndani ya siku tano. Sheikhe tuliyemuuliza alitusahihisha kwa upole. Tarehe hizo zinasema siku njema ya kufanya. Hazisemi mara ngapi. Mtu anachagua moja, si lazima azimalize zote. Kumtoa damu mara tatu kwa siku tano binti ambaye wiki tatu hajala chakula kigumu ni kumdhoofisha, na Sunna haikuja kumdhoofisha mtu.

Taya katika vitabu vya zamani

Je, matabibu wa Kiislamu walijua habari za taya? Walijua vizuri. Abulqasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho inahusu upasuaji. Humo ameeleza kuumika, ameeleza kuchoma kwa chuma cha moto, na ameeleza namna ya kurudisha taya lililoteguka. Kabla yake Wamisri wa kale walikuwa wameandika juu ya mafunjo jinsi ya kuingiza vidole gumba mdomoni na kulirudisha taya mahali pake, na mpaka leo madaktari hufanya jambo linalofanana na hilo.

Lakini taya lililoteguka ni tofauti na taya linalouma siku zote. Hili la pili lilichelewa kupewa jina. Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo huko St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliolalamika masikio, kichwa na uso, akasema chanzo ni kiungo cha taya. Sababu alizozitoa nyingi zimekataliwa baadaye. Alichosaidia ni kuwafanya madaktari waangalie hapo mbele ya sikio. Weka kidole chako mbele kidogo ya sikio, fungua mdomo na ufunge. Kinachocheza chini ya kidole ndicho kiungo chenyewe. Wangapi kati yetu tumetiwa mafuta ya uvuguvugu sikioni miezi na miezi, kumbe sikio ni zima?

Wanawake ndio wanaoonekana zaidi hospitalini kwa maumivu haya. Sisi mafundi cherehani tuna yetu ya ziada. Tunashika pini kwa meno, tunakata uzi kwa meno, tunainamisha shingo kutwa nzima. Wawili kati yetu tumeshaumwa taya hivyo hivyo, ndiyo maana mdogo wetu alituuliza sisi.

Sindano inafika: 1964 na 1968

Tiba ya sindano, ambayo wengi wanaiita akupancha, ni ya Uchina na ina zaidi ya miaka 2000. Nyumbani kwake nako ilipita juu na chini. Mwaka 1822 mfalme wa Uchina aliiondoa katika chuo cha matabibu wa ikulu. Ilirudi kwa nguvu miaka ya 1950, serikali mpya ya huko ilipokuwa na watu wengi na madaktari wachache. Sindano ni rahisi, inabebeka mfukoni, haihitaji umeme.

Mwaka 1963 Uchina ilipeleka timu yake ya kwanza ya madaktari nje ya nchi, Algeria. Mwaka uliofuata, Agosti 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi na Muungano, timu nyingine ikafika Zanzibar. Ilitoka jimbo la Jiangsu, na mpaka leo jimbo hilo ndilo linalopeleka madaktari visiwani kwa zamu. Bibi zetu wa Unguja waliwaona Mnazi Mmoja, hospitali iliyowahi kuitwa V. I. Lenin, na wa Pemba waliwaona Mkoani, kwenye hospitali inayoitwa Abdulla Mzee. Pamoja na wapasuaji na wakunga, walikuja na wataalamu wa sindano.

Bara timu ya kwanza ilikuja mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong. Mbali na Dar es Salaam, madaktari hao walifanya kazi mikoani, ikiwemo Dodoma na Tabora, mikoa miwili inayopakana na Singida, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Kisha ikaja reli ya TAZARA miaka ya 1970, na kambi zake zikawa na waganga wao wa Kichina. Hivyo ndivyo sindano isiyo na dawa ndani yake ilivyozoeleka masikioni mwetu. Kwa watu waliozoea kwamba sindano ni ya kuingiza dawa, lilikuwa jambo la ajabu: inaingia kavu, inakaa dakika 20 au 30, inatoka kavu.

Na hesabu yao ilikuwaje? Katika desturi ya Kichina tiba hii huenda kwa duru, na duru moja mara nyingi huhesabiwa sindano kumi, yaani vikao kumi. Mgonjwa huweza kuja kila siku au siku moja baada ya nyingine. Duru ikiisha anapumzika siku kadhaa, daktari anamtazama upya, ndipo anaamua kama ipo haja ya duru ya pili. Kumbe tangu asili yake tiba hii ina mahali pa kusimama. "Njoo mpaka upone" si desturi yake.

Nani alishika daftari?

Hapa ndipo historia ilipotufumbua macho. Baada ya Mapinduzi Zanzibar ilitangaza matibabu bure. Bara nako, baada ya Azimio la Arusha la 1967, hospitali za serikali zilitibu bila malipo, na mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali binafsi za biashara. Mgonjwa wa sindano wakati huo hakuwa na haja ya kuuliza mara ngapi. Daktari hakupata faida ukirudi wala hasara usiporudi. Daftari lilikuwa mkononi mwake, naye alikufunga duru ilipokwisha, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali bara. Miaka hiyo hiyo ya 1990 zikafunguliwa kliniki binafsi za Kichina, Dar es Salaam na Zanzibar mjini, na baadaye miji mingine. Mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likaundwa Baraza la kuwasajili watoa huduma, na Zanzibar nayo ina Baraza lake. Haya yote ni mema. Lakini kimya kimya daftari lilihama. Sasa kila kikao kina bei, na anayekuambia urudi ndiye anayelipwa ukirudi. Hatusemi ni wezi, na sisi pia ni wafanyabiashara. Ila mteja wa gauni akija kwetu anauliza bei, anauliza siku ya kuchukua, anaandikiwa risiti. Kwa nini akienda kwenye sindano asiulize? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Jibu la leo: mara ngapi?

Kwanza hakikisha ni kiungo cha taya. Taya likikaza baada ya jeraha, kuchomwa na msumari au kuchanjwa kwa wembe mchafu, hiyo inaweza kuwa pepopunda, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile ukiwa na homa na uvimbe wa jino, umeanguka au kupigwa, mdomo umebaki wazi haufungi, au upande wa uso umekufa ganzi. Na mama zetu watu wazima wakiumwa taya pamoja na kifua au mkono, huo unaweza kuwa moyo. Hapo si pa sindano wala chuku.

Ikiwa ni kiungo, wengi hupata nafuu kwa mambo ya nyumbani: chakula laini, kitambaa cha maji ya moto shavuni, kuacha ubani, muwa na mahindi ya kuchoma kwa muda, na kutobana meno. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane, ulimi ulale juu nyuma ya meno ya mbele. Mafundi wenzetu, pini ziwekwe kwenye mto wa pini na uzi ukatwe kwa mkasi.

Mwaka 2023 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu ya taya yaliyokaa muda mrefu. Waliyoyapendekeza kwa nguvu ni mazoezi ya taya na ya mkao yakisimamiwa na mtaalamu, kukandwa misuli na kiungo, na mazungumzo ya ushauri yanayomsaidia mtu kushughulikia mawazo na mazoea yake. Akupancha nayo imo, ila katika daraja la chini, kama jambo ambalo linaweza kusaidia na mtu aamue mwenyewe. Maana yake sindano si uongo, na pia si muujiza. Usiipigie chuku.

Ukiamua kuchomwa, utaratibu unaotumika na wataalamu wengi ni huu:

• Mara 1 kwa wiki. Maumivu yakiwa makali, mara 2 kwa wiki kwa wiki mbili za mwanzo.

• Baada ya kikao cha 3 au cha 4, pima. Ukiona mabadiliko, endelea hadi 6 au 8. Usipoona lolote, acha, rudi kwa daktari wa meno.

• Ukipona au ukikaribia kupona, usikatishe ghafla kama unaogopa. Ruka wiki mbili, halafu mwezi, kisha acha.

• Usipite vikao 10 bila kutazamwa upya.

• Nafuu ya siku mbili baada ya sindano ya kwanza ni ya kawaida. Haimaanishi umepona, wala haimaanishi umedanganywa.

Kipimo chako ni vidole vyako. Mtu mzima mzima wa afya huingiza vidole vitatu vilivyosimama kati ya meno ya mbele. Andika kila wiki: vidole vingapi, maumivu kiasi gani, umelalaje.

Mambo ya bi harusi na ya dini

Sindano za taya huchomwa shavuni karibu na sikio, kwenye misuli ya kutafunia, na mara nyingi mkononi, penye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa hiyo ushungi unasogezwa tu, mwili haufunuliwi. Omba mwanamke akuhudumie, na kama hayupo ingia na mama, dada au maharimu wako.

Sindano ya mkononi tuliyoitaja, katika desturi ya Kichina haichomwi kwa mjamzito. Wewe uliyeolewa karibuni, ukichelewa siku zako, sema kabla hujalala kitandani pao.

Sindano iwe mpya, itolewe kwenye pakiti mbele yako. Hijama nayo, wembe mmoja mtu mmoja. Hakuna haya katika hilo.

Sindano huweza kuacha alama ya bluu, basi usichomwe usoni siku chache kabla ya harusi. Acha angalau wiki. Alama za vikombe vya hijama hukaa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kama gauni lako lina shingo ya wazi kwa ajili ya ukumbi wa wanawake, panga mapema. Sisi tumeshawahi kuongeza lesi saa nne usiku kuficha duara tatu za shingoni.

Kuhusu saumu, wanazuoni wamekhitilafiana juu ya hijama. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, haibatilishi saumu ila inachukiza. Kwa Hanbali inabatilisha. Akupancha haiingizi chakula wala dawa, lakini muulize sheikhe wako, au ufanye usiku baada ya kufuturu, uondoe shaka.

Daftari la mdogo wetu

Tulimpa daftari dogo la vipimo, lile tunaloandikia kifua na kiuno cha wateja. Tukachora mistari sita. Akarudi kule kule kwenye sindano, safari hii akiwa ameandamana na shangazi yake, akasema kwa adabu, "Nitakuja mara sita, moja kwa wiki. Ya nne tukiona hakuna kitu, nitasimama." Walikubali, tena bila ubishi. Inawezekana hakuna aliyewahi kuwauliza.

Wiki ya pili vidole viwili. Wiki ya tatu viwili na nusu. Wakati huo huo daktari wa meno alimpa mazoezi ya kufungua mdomo mbele ya kioo, akamuuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumemuuliza: usiku unawaza nini? Akalia. Baba yake alikuwa amekopa kwa ajili ya sherehe, naye kila akilala anauona mkopo ule, anasaga meno mpaka alfajiri. Hapo hata sindano 100 zisingetosha.

Shangazi ndiye aliyekwenda kuzungumza na kaka yake. Ukumbi ukaachwa, walima ikafanywa uani, pilau na kuku, kwa watu wa karibu. Gauni tukalipunguza mkia, tukamrudishia pesa ya kitambaa kilichobaki. Kikao cha tano kilikuwa siku nane kabla ya nikahi. Cha sita hakwenda. Alisema haoni haja, na mstari wa mwisho wa daftari ukabaki mtupu.

Siku ya nikahi tulikuwa naye chumbani. Walipokuja kumwomba idhini, nasi tunajua kwamba kimya cha mwari kinatosha kisheria, yeye alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Baadaye tukamwona anatafuna paja la kuku, upande wa kushoto, pole pole.

Dada zetu, ukiambiwa urudi, uliza mpaka lini. Kama ni chuku, kama ni hijama, kama ni sindano ya Mchina, kama ni vidonge vya dukani, uliza. Tiba zote hizi zilitufikia zikiwa na hesabu zake. Tuzipokee pamoja na hesabu hizo.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu, awape maharusi wetu ndoa zenye utulivu, na awaondolee wazazi mizigo ya madeni. Aamin. Tukutane tena, inshaAllah.